Mlimani Park: Bendi Iliyobeba Jina la Baa

Mwaka 2028 Mlimani Park Orchestra, wenyewe wakijiita Sikinde Ngoma ya Ukae, itatimiza miaka 50. Kwa mji kama Dar es Salaam, ambako bendi huzinduliwa Idd Mosi na kusambaratika kabla ya Krismasi, umri huo ni wa kutolewa kofia. Nimeona nianze kuiandika habari yake mapema kwa sababu nawajua watu wa mji wangu. Sherehe hukumbukwa ikibaki wiki moja, kamati ikaundwa mbiombio, fulana zikachapwa, na historia ikaachiwa mshereheshaji, aisome huku akikosea majina ya watu.

Fikra hiyo ilinijia nikiwa mbali na nyumbani, Muscat, nilikokuwa mgeni wa familia moja yenye asili ya Unguja, ya wale waliohamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964 na ambao mpaka leo jikoni kwao husikii lugha nyingine ila Kiswahili. Mama mwenye nyumba alishikilia kwamba siondoki bila kuliona jumba la opera. Kumbe asubuhi, kabla ya saa za maonyesho, jumba hilo hufunguliwa kwa wageni. Unakata tiketi, unapewa mtu wa kukutembeza, unaoneshwa viti vitupu.

Na kweli ni jumba. Lipo Shati al-Qurum, upande wa baharini, na lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa amri ya Sultani Qaboos bin Said, ambaye mapenzi yake kwa muziki wa okestra yalikuwa ya siku nyingi: tangu 1985 alikuwa na okestra ya vijana wa Kiomani. Onyesho la ufunguzi lilikuwa Turandot ya Mtaliano Puccini, na aliyeshika kijiti cha kuongoza okestra ni Plácido Domingo. Chini ni marumaru, juu ni mbao zilizonakshiwa, viti ni kama 1,100, na nyuma ya kila kiti pana kioo kidogo kinachomtafsiria msikilizaji maneno ya waimbaji. Aliyetutembeza alitueleza habari za kinanda kikubwa cha mabomba kilichoundwa na kampuni ya Klais ya Bonn, Ujerumani, na jinsi kuta za jukwaani zinavyosogezwa ili ukumbi wa opera ugeuke ukumbi wa okestra. Alijua kila kitu yule bwana, mpaka jiwe lilikochimbwa. Ila muda wote huo hatukusikia hata noti moja ya muziki.

Tulipofika kwenye ngazi za nje, mama akaniuliza, “Na nyinyi huko Dar, mwanangu, jumba lenu la namna hii liko wapi?”

“Letu lilikuwa Mlimani, mama. Ila lilikuwa baa.”

Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikumlaumu. Lakini sikuwa namfanyia mzaha.

Zanzibar yenyewe ilijenga muziki wake wa fahari bila kungoja jumba. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, na kutokana na mbegu hiyo ndipo taarabu ya Unguja ilipochipua. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905 na ambacho kingali hai, ni tunda la safari hiyo. Cairo ya siku hizo tayari ilikuwa na jumba la opera, lililofunguliwa Novemba 1869 na Khedive Ismail, mwezi uleule wa kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez. Jumba hilo lilijengwa kwa haraka, sehemu kubwa ikiwa mbao. Oktoba 1971 likaungua lote. Jumba jipya lilikuja kufunguliwa 1988, mahali pengine, kisiwani Gezira, kwa msaada wa Japani. Pale palipoungua pakajengwa ghorofa la kuegesha magari, na watu wa Cairo mpaka leo wanapaita Uwanja wa Opera. Mwenye teksi anakushusha Opera, unashuka penye magari.

Nasi tuna Mlimani Park. Litaje jina hilo kwa mtu yeyote wa Dar aliyevuka miaka 40 naye atakutajia bendi, atakutajia waimbaji, pengine atakuimbia papo hapo. Muulize baa ilikuwa wapi, ataanza kunyoosha kidole na kukirudisha.

Ilikuwa jirani na Chuo Kikuu. Chuo kilihamia kilimani kutoka Mtaa wa Lumumba mwaka 1964, na tangu hapo upande huo wote wa mji ukaitwa Mlimani. Ulikuwa Wilaya ya Kinondoni. Siku hizi, baada ya Ubungo kukatwa na kuwa manispaa yake, ramani inasema vingine, lakini kwa mpenzi wa dansi habari hiyo haina uzito. Miaka ya 1970 kwenda Mlimani usiku ilikuwa safari. Mtu wa Temeke au Kariakoo aliyeamua kwenda kucheza huko alikuwa ameamua na namna ya kurudi: ama na basi la kwanza la UDA alfajiri, ama kwa miguu.

Bendi ilianzishwa mwaka 1978 chini ya Tanzania Transport and Taxi Services, TTTS kwa kifupi, lililokuwa shirika la usafiri na teksi. Kijana wa leo atauliza, teksi na magitaa wapi na wapi? Atajibiwa na hali ya siku zile. Vyombo vya muziki viliagizwa kutoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwanamuziki mmojammoja hakuwa na uwezo wa kununua ampilifaya, sembuse seti nzima ya ngoma na tarumbeta. Waliokuwa na uwezo ni mashirika, vyama, viwanda na majeshi. Umoja wa wafanyakazi ulikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, Polisi walikuwa na bendi yao, Umoja wa Vijana walikuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilikuwa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likaja na Bima Lee, UDA nayo ikaunda ya kwake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alilipwa mshahara mwisho wa mwezi kama karani, gitaa likiwa mali ya mwajiri. Akigombana na mwajiri aliondoka na sauti yake na vidole vyake, basi.

Kwa shirika lenye baa, bendi ilikuwa biashara ya kueleweka. Kiingilio kililipa kidogo, na bia ililipa zaidi. Watu waliokuja kusikiliza nyimbo mbili walikaa mpaka usiku wa manane.

Sasa tuwataje watu, maana bendi ni watu. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka Juwata, jina jipya la NUTA wakati huo, na pamoja naye alikuwapo mpiga gitaa Abel Balthazar. Joseph Mulenga alitoka Dar International, bendi ya Marijani Rajab. Cosmas Tobias Chidumule alikuja na sauti yake ya juu, na baadaye kidogo akaja Hassan Rehani Bitchuka, ambaye wapenzi walimbatiza Super Stereo, na aliyemsikia mara moja hakuuliza sababu. Hao ndio walioimbwa na kupigiwa makofi. Lakini mhimili, kwa maoni yangu, alikuwa Michael Enoch.

Enoch alikuwa ametokea Dar es Salaam Jazz, bendi iliyoanzishwa 1932, kwa hiyo kupitia kwake Sikinde ilikuwa na babu. Wenzake walimwita King, wengine Ticha. Alipiga gitaa, alipuliza tarumbeta, alipuliza saksafoni, lile ambalo mitaani huitwa mdomo wa bata, na zaidi ya yote alijua kukaa na kijana asiyejua kitu mpaka ajue. Ukisikiliza rekodi za Mlimani za mwanzoni mwa miaka ya 1980, sikiliza wapulizaji. Hawaingii kujaza nafasi. Wanamsubiri mwimbaji amalize sentensi yake, ndipo wanamjibu, kwa ufupi, kama watu waliolelewa vizuri. Hiyo ni kazi ya Ticha.

Wimbo wa Sikinde ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kusikiliza: taratibu, hadithi ikisimuliwa, waimbaji wakipokezana na kuitikiana. Ya pili waliiita chemko. Hapo gitaa la solo lilishika usukani, solo ya pili ikaifuata kwa nyuma, ridhimu na besi zikabana, tumba zikapanda, na aliyekuwa amekaa akisikitika na hadithi ya wimbo akajikuta uwanjani. Mtu aliweza kulizwa na kuchezeshwa na wimbo mmoja.

Nilipokuwa kwenye kile kiti chenye kioo pale Muscat niliwaza hadithi hizo. Opera ya Kizungu ni nini kama si mapenzi, usaliti, mzazi mkali, barua iliyochelewa na mtu anayekufa akiimba? Sikinde walikuwa navyo vyote hivyo, isipokuwa anayekufa hakuwa na nguvu ya kuimba, jambo ambalo naona ni la kweli zaidi. Mke analia na mume mlevi, kijana anawashukuru wazazi, mama anaandika barua kutoka kijijini, majirani wanahukumiana. Neema, wimbo wa Chidumule, umewatoa machozi watu wazima ambao hawakuwahi kulia msibani. Wala hapakuhitajika kioo nyuma ya kiti cha kutafsiri maneno. Kiswahili cha nyimbo zile kilikuwa kilekile cha uani, kimepigwa pasi kidogo.

Jina la mtindo nalo lilichukuliwa nyumbani. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, kama ilivyo msondo, iliyoupa jina mtindo wa Juwata, na Gurumo, Mzaramo wa Kisarawe, alihusika na mitindo yote miwili. Siku zile bendi bila mtindo ilikuwa sawa na mtu bila jina. Marijani alikuwa na wake, Vijana walikuwa na Pambamoto, Maquis, waliotoka Kongo na kujenga ngome yao pale White House Ubungo, walikuja na Kamanyola. Lakini Msondo na Sikinde ndiyo iliyougawa mji mara mbili kama Simba na Yanga. Nawajua ndugu wawili wa tumbo moja, wakazi wa Temeke, ambao kwa miaka hawakuweza kukaa meza moja siku ya mpambano.

Bendi ilizaliwa wakati mgumu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na nchi ikaenda vitani. Kampala ilianguka Aprili 1979, vita vikaisha, gharama zikabaki. Iliyofuata ni miaka ya foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga. Waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka kulala na kadi ya duka la ushirika chini ya mto. Ajabu ni kwamba muziki bora wa dansi wa nchi hii ulirekodiwa katika miaka hiyohiyo. Sidhani dhiki ndiyo iliyoutengeneza, kama wengine wanavyopenda kusema. Nadhani kilichousaidia ni mshahara. Hata ulipokuwa mdogo, ulimwezesha mwanamuziki kwenda mazoezini asubuhi siku za kazi, akafanya mazoezi ya wimbo mmoja mpaka ukaiva, badala ya kukimbizana na harusi.

Na palikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ikishatunga ilijaribu wimbo kwanza mbele ya wachezaji. Ukipokelewa, mashairi yalipelekwa RTD yakapitiwa, kisha bendi ikaitwa studio za Barabara ya Pugu. Walipiga wote kwa pamoja, mwimbaji na mpiga tumba chumba kimoja. Akikosea mmoja, wanaanza upya wote. Kanda ikabaki redioni, na jioni nchi nzima ikasikia. Kwa kuwa hapakuwa na kituo kingine cha redio Tanzania Bara mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wimbo ulioingia RTD ulifika Kigoma na Mtwara siku moja. Ndiyo maana mzee wa Songea ambaye hajawahi kukanyaga Dar anaijua Sikinde kuliko mtoto wa Sinza.

Lakini redio ilikuwa kama chumba cha mwali: muziki uliingia ukafungiwa. Wanamuziki hawakupata mrabaha kwa nyimbo hizo kupigwa. Sahani za santuri zilizotoka zilichapwa Kenya, na wafanyabiashara wa kaseti walirekodi kutoka redioni wakauza mitaani bila kumuuliza mtu. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja 1999, wakati wengi wa waliostahili walikuwa wamezeeka. Wazungu, kwa upande wao, waliona thamani iliyokuwepo. Miaka ya 1990 kampuni ya Africassette ya Detroit, Marekani, ilitoa mkusanyiko wa Mlimani Park kwenye CD. Detroit unaupata, Tandika unautafuta.

Mwaka 1983 TTTS ilikuwa imeishiwa. Ulikuwa mwaka mzito, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, maduka yakiwa matupu na watu wakitupa sabuni baharini kwa hofu. Bendi ingeweza kufa hapo kimyakimya kama nyingine nyingi. Badala yake ilichukuliwa na Dar es Salaam Development Corporation, DDC, shirika la jiji lililokuwa na kumbi za starehe Kariakoo, Magomeni Kondoa na Keko. Ndipo ikawa DDC Mlimani Park, na makao yake makuu yakawa Kariakoo.

Angalia jambo hilo vizuri. Baa waliiacha kilimani, mwajiri wa kwanza alikuwa amefilisika, lakini jina hawakulibadilisha. Wangeweza kujiita DDC Jazz na hakuna ambaye angeshangaa. Walilibeba lile la Mlimani Park wakashuka nalo mjini, na tangu hapo jina hilo halikuwa tena la mahali.

Pigo kubwa lilikuja 1985. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound na ukumbi wa Safari Resort kule Kimara, aliamua kuisuka upya bendi yake, akaenda moja kwa moja kwa Sikinde. Gurumo akaondoka, Bitchuka akaondoka, Abel Balthazar akaondoka, na wengine. Mtindo wao mpya ukaitwa Ndekule. Kimara ya wakati huo ilikuwa mbali kuliko Mlimani, mashamba ya mihogo na minazi pande zote za Barabara ya Morogoro, lakini watu walifunga safari. Leo ukipita hapo kwenye njia pana za magari, zilizokuja baada ya nyumba nyingi za Kimara kubomolewa mwaka 2017, ni vigumu kuamini kwamba palikuwa mahali ambapo mji ulikwenda kucheza.

Wengi waliandika tanzia ya Sikinde mwaka ule. Ilikuwa kama timu ya mpira iliyouza washambuliaji wote. Michael Enoch hakuondoka. Alibaki na waliobaki, akasaka waimbaji: Fresh Jumbe, Max Bushoke, Benno Villa Anthony. Wakakaa mazoezini, na bendi ikasimama tena, ikiwa na sauti nyingine lakini adabu ileile ya wapulizaji. Mimi huihesabu miezi hiyo kuwa ndiyo iliyoifanya Sikinde iwe taasisi. Kabla ya hapo ilikuwa kikosi cha mastaa. Baada ya hapo ilionekana kwamba staa anaweza kwenda na Sikinde ikabaki.

Na mastaa hawakukaa huko walikokwenda. Bitchuka alirudi. Gurumo aliishia Msondo alikotoka, akakaa huko mpaka alipotangaza kustaafu mwaka 2013. Shaaban Dede alizunguka kati ya Sikinde, Bima Lee na Msondo kiasi kwamba ukisikia sauti yake redioni unalazimika kusikiliza magitaa ndipo ujue ni bendi ipi. Kuhamahama huko kuliwakera mashabiki, lakini ndiko kulikolea muziki. Mtu alihama na mbinu zake, akazifundisha kambi ya pili, akarudi na za kambi ya pili.

Miaka ya 1990 nitaipita upesi, kwa kuwa wengi wetu tuliiona. Mashirika ya umma yalibinafsishwa au kufungwa, na bendi zake zikaenda nayo. Redio binafsi na televisheni zilikuja 1994, muziki wa Kongo ukashamiri, kisha vijana wakaja na bongo fleva, wimbo ukitengenezwa na mtu mmoja na kompyuta chumbani. African Stars, wale Twanga Pepeta, walilichukua soko la dansi wakaliweka Mango Garden, Kinondoni, wakiwa na wacheza shoo na rapa. Wazee wa Sikinde waliendelea kupiga kwa watu waliozeeka nao. Bei ya kiingilio haikupanda sana, suti zilipauka. Lakini ilipofika sikukuu, likatangazwa pambano la Msondo na Sikinde TCC Chang'ombe, palijaa. Utawakuta wanawake wa Temeke waliovaa vitenge sare, wanaume waliotoa viatu kabatini, na vijana waliokuja kuwasindikiza wazazi wao wakaishia kuwazidi kwa kucheza.

Agosti 2013 Diamond Platnumz alimzawadia Mzee Gurumo gari, baada ya mzee kusema hadharani kwamba miaka yote ya muziki haikumwezesha kununua hata moja. Watu walisifu ukarimu wa kijana, na alistahili sifa. Wachache waliuliza kwa nini mtu aliyeimba zaidi ya miaka 50, nyimbo zake zikipigwa redioni kila wiki, alihitaji zawadi. Gurumo alifariki Aprili 2014. Remmy Ongala, aliyekuwa jirani wa muziki huu akiwa na Super Matimila, alitangulia Desemba 2010. Remmy angalau ana kituo cha basi. Pale Sinza kondakta anaita “Kwa Remmy!” mara elfu kwa siku, na abiria aliyezaliwa juzi anashuka bila kujua aliyemtaja ni nani.

Hicho kituo ndicho karibu kumbukumbu pekee ya hadhara ambayo mji huu umewapa wanamuziki wake wa dansi, na haikutoka serikalini. Imetoka mdomoni mwa makonda. Palipokuwa Mlimani Park hapana kibao. White House ya Maquis haina kibao. Safari Resort haina kibao. Ukumbi wa Vijana pale Kinondoni, ambako Hemed Maneti aliwachezesha watu na Pambamoto mpaka alipofariki 1990, mgeni anaupita akidhani ni jengo la kawaida la chama. Mtalii anayetua leo Dar na kuomba atembezwe kwenye nyumba za muziki wa nchi hii atapelekwa Makumbusho ya Taifa, kisha Slipway akanunue kinyago.

Sitaki mtu anijengee opera ya marumaru Ubungo. Fedha hizo zina kazi nyingine, na jumba zuri kama lile la Muscat lisilo na waimbaji wake wa nyumbani hulazimika kuwaalika kila mwaka kutoka Milan na Vienna. Sisi waimbaji tulikuwa nao, wengine bado tunao. Nilichokionea wivu Muscat hakikuwa marumaru. Ni yule bwana wa kutembeza wageni, anayelipwa mshahara ili ajue, na asiseme uongo.

Kwa hiyo maombi yangu kwa mwaka 2028 ni madogo na yana bei nafuu. Halmashauri za Ubungo, Kinondoni na Temeke, pamoja na Jiji, waweke vibao vya majina mahali palipokuwa kumbi hizi, wakiwashirikisha wazee wa bendi ili pasitajwe mahali pasipo penyewe. Shirika la Utangazaji, lililorithi kanda za RTD, liziweke nyimbo za Mlimani Park mahali mwananchi anapoweza kuzisikiliza, na malipo yawafikie watunzi au warithi wao. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, ambacho kiko Kinondoni hiyohiyo, kitenge chumba kimoja kwa ajili ya muziki wa dansi: gitaa, tumba, mabango ya mpambano, picha.

Picha hizo zipo. Ziko kwenye albamu zenu za Magomeni, Tandika, Keko na Mbagala, zile ambazo baba amevaa bugaluu na mama ana raizoni miguuni, nyuma yao jukwaa na majina ya bendi kwenye ngoma. Wazee waliomo kwenye picha hizo bado wengine wanaweza kuwataja waliosimama nao. Kaeni nao, andikeni majina nyuma ya kila picha, na msingoje kamati iundwe.